Vidole Viwili Mgongoni

Duan Jiliang alipofariki, mkewe Kou Suying hakulia mbele za watu. Kesho yake baada ya mazishi, asubuhi na mapema, alishuka ngazi, akapita mlangoni kwangu na kwenda kusimama kando ya mfereji. Majirani wa jengo letu walimsema sana. Mimi nilinyamaza, maana nilijua kilichompeleka.

Kwa miaka mingi Duan aliongoza kundi la mazoezi ya kusimama pale, ya kupitisha chi, pumzi ya uhai, mwilini, hapa kwetu Luoyang. Tulikuwa wastaafu wa kiwanda cha nguo, magoti tumeyalegeza, mikono mbele kama mtu aliyekumbatia mtungi, kimya. Yeye alizunguka nyuma yetu.

"Kidevu ndani. Utosi juu, kama umetundikwa kwa uzi. Kifandugu kishuke, kama unataka kukalia kigoda. Mgongo ukipinda, chi itapandia wapi? Umeona wapi maji yakapita kwenye mpira uliokunjwa?"

Sisi wengine alituweka sawa kwa maneno. Mkewe hakumwambia kitu. Alimgusa tu kwa vidole viwili, katikati ya makombe ya mabega, na mgongo wa Suying ukafunguka wenyewe. Sikuwahi kumwona akimshika hadharani ila hapo.

Baada ya msiba kundi lilisambaratika. Wengine walikwenda kulea wajukuu, mimi nikashikwa na magoti, na waliobaki wakahamia ng'ambo ya daraja, kwa Ge Fenglian, mwenzetu wa kiwandani aliyeanzisha ngoma za asubuhi kwa spika kubwa.

"Dada Kou!" Ge alikuwa akimpigia kelele toka ng'ambo. "Umesimama hapo kama nguzo ya umeme, na umeme wenyewe umekatika! Njoo ucheze!"

"Hiyo spika yako itaniua nikiwa huku huku!"

Akabaki peke yake. Taratibu mgongo ukaanza kupinda, na majira ya baridi yalipoingia bintiye, Wenqing, akamchukua kwenda kuishi naye Shenzhen, kwenye ghorofa refu.

Huko alisimama kwenye roshani. Jirani wa jengo la mbele akamwona bibi kizee ameganda nje ghorofani, hasogei, akampigia simu mlinzi. Huyo akapanda mbio na kugonga mlango.

"Bibi, tafadhali usifanye hivyo! Tuongee kwanza!"

"Nisifanye nini? Nanyoosha mgongo."

Jioni Wenqing aliporudi kazini uso ulikuwa umemshuka. "Mama, jamani, watu wanatutazama. Fanyia chumbani basi, ufunge pazia."

Alifanyia chumbani hadi sikukuu ya mwaka mpya ikapita, kisha akarudi. Nilimkaribisha kwa supu ya ng'ombe, akalishika bakuli bila kunywa.

"Kwa Wenqing ni kuzuri," aliniambia. "Lakini kule hakuna anayekugusa hata kwa bahati mbaya. Kwenye lifti wanajibana ukutani."

Alikuwa amepinda hasa. Nikampeleka kwa daktari wa dawa zetu za asili, dada mmoja kijana aitwaye Xing. Alimwekea vidole kwenye mshipa wa mkono, akasikiliza huku amefumba macho.

"Chi imekwama kifuani, mama. Umegombana na nani?"

"Ningekuwa na wa kugombana naye, daktari, nisingekuja."

Akamlaza kifudifudi. Alianza chini kwenye kifandugu, akapanda kwa dole gumba, pingili baada ya pingili. Alipofika katikati ya makombe ya mabega, mabega ya Suying yakaanza kutikisika.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Usiondoe mkono."

Xing alinitazama, akauacha mkono wake pale pale, mpaka mgonjwa mwingine akakohoa nje ya pazia.

Suying alirudi mara nyingi baada ya hapo, akaanza hata kuchana nywele vizuri kabla ya kwenda. Kisha siku moja Xing akamwambia, "Mama Kou, mgongo huu umenyooka tangu mwezi uliopita."

"Bado unauma."

"Unauma wapi?"

Suying alifikiri. Uongo haukuwa kazi yake. Akavaa koti, akashukuru, na hakurudi tena.

Ndipo akarudi kando ya mfereji, peke yake kama zamani. Mvua ikinyesha husimama chini ya daraja. Wenqing hupiga simu siku za mapumziko, wakazungumza juu ya hali ya hewa ya huku na ya kule.

Siku hizi lakini, ngoma zikiisha na wenzake wakitawanyika, Ge Fenglian huvuka daraja na mfuko wa maandazi ya mvuke, akaketi kwenye benchi nyuma ya Suying. Hasimami. Anasema chi yake mwenyewe imeshikilia tumbo na haitaki kusumbuliwa. Hula, hufuta mikono, huondoka.

"Anatafuna kwa kelele," Suying alinilalamikia juzi, tulipokutana kwenye ngazi. "Siwezi hata kusikia pumzi yangu."

"Basi mwambie akale kwake."

"Aa," alisema, akahamisha kikapu mkono wa pili. "Mwache."