Menyu Moja, Madirisha Mawili

Duka la Bi Zuhura pale Tarime lilinukia udi, wino na vumbi la mashimo. Vumbi jingi, ukipiga chafya unaweza kuokota dhahabu. Miaka ile ya kukimbilia dhahabu, vijana walipiga picha kwake kabla ya kwenda machimboni Nyakunguru. Kaka yangu Mwita alipiga moja tu maishani. Wino wa rangi ulikuwa umekwisha, picha ikabaki ndani ya kompyuta. Wiki ya pili shimo likamfunika, mwili haukupatikana. Mama akaamua kwamba matangani tutaililia picha.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kwa majigambo yangu hapakuwa na bingwa wa kompyuta kutoka Sirari hadi Mbalibali. Nikitoka shule Bi Zuhura aliniacha niichezee. Kitufe cha kipanya kilikuwa kigumu kwa vumbi. Naye, akisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akairekebisha mashine ili dirisha lolote la skrini linalopitiwa na kishale ndilo lisikilize amri, bila kubofya. Menyu ilikuwa moja, juu kabisa ya skrini, ikiyatumikia madirisha yote kwa maneno yale yale: Fungua, Hifadhi, Futa.

Mama alipoifuata picha, Bi Zuhura alikuwa anatia udhu, nikaifungua mwenyewe. Chini yake dirisha jingine lilionyesha michoro yangu ya kipuuzi. Nikaona aibu, nikataka kuifuta. Kishale kikatoka kwenye michoro, kikapanda kuifuata menyu, na njiani kikakanyaga uso wa Mwita. Menyu ikabadili bwana bila kubadili sura. Nikabonyeza Futa kwa nguvu zangu zote. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikakubali kabla sijasoma.

“Amekwenda wapi?” mama akauliza, kwa upole.

Bi Zuhura akarudi mikono ikichuruzika, akatafuta mpaka adhuhuri ikampita. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama hakunipiga. “Bhoke mwanangu, usimwambie baba yako kuwa ni wewe. Sema ni mashine.”

Ukubwani nilisoma kompyuta masomo ya jioni. Mwalimu akaeleza kwamba menyu ya juu na dirisha linalofuata kishale havikai nyumba moja: ama kila dirisha libebe menyu yake, ama lisubiri kubofywa. Darasa zima likaandika. Mimi nikatoka nje.

Leo simu yangu ina picha elfu kumi, mia tatu kati yake za mbuzi mmoja, na nikifuta moja inanibembeleza mwezi mzima niirudishe. Juzi nilimwamkia mama, akaitika marahaba, kisha akauliza kama Mwita alikuwa na mwanya. Nikamjibu alikuwa nao, mpana, wa kupitisha pikipiki. Akacheka, akaridhika. Mimi sikumbuki.