Waliokuja Kuhesabu Kaa Niliwapeleka Makaburini

Wanangu wasomaji, mhariri ameahidi kunisitiri jina. Umri wangu haukuandikwa popote. Bendera ya Mwingereza iliposhushwa nilikuwa na watoto wanne. Ni mjane, naishi Mtongwe, sikusoma. Anayeniandikia ni mkaza mwanangu, na nimemwambia asinipambie maneno.

Sisi wanawake wa huku tumelea watoto kwa hori, huu mkono wa bahari uingiao kwetu: chaza kwenye mizizi ya mikoko, kaa, na tondo, wale konokono wa topeni. Tangu kiwanda kimoja kiteremshe bomba lake majini, tope lanuka mafuta taa, chaza wanafunguka wenyewe wamekufa, na shoga yangu, nimwite Mama Zuhura, miguu imemtoka vidonda visivyopona. Tukapiga kelele kwa chifu mpaka kiwanda kikaleta watu wa kuhesabu viumbe. Ati wakubwa wao wa Ulaya wanataka ripoti, wajue kama wameharibu.

Alikuja binti mmoja na wanaume wawili. Binti akaniamkia shikamoo, akavua viatu mlangoni, akala wali wangu kwa mkono. Akasema, "Bibi, tupeleke pale mnapookota nyinyi."

Nilipaswa kuwapeleka bombani. Lakini mimi nimelelewa kumpitisha mgeni palipofagiwa. Nililionea haya tope letu kana kwamba ni mimi niliyelichafua. Nikawazungusha mpaka nyuma ya makaburi, penye kihori kidogo ambako maji ya bomba hayafiki wala hakuna mwanamke anayeokota, kwa heshima ya waliolala pale. Kaa wa kule wamejaa, hata hawakimbii mtu.

Binti akaweka kifremu cha chuma juu ya tope, akahesabu matundu ya kaa yaliyomo, akakihamisha, akahesabu tena, anafurahi. Akaniuliza kama kweli ndipo tunapookota. Nikasema ndipo. Nikatia dole gumba kwenye karatasi. Sikupewa hata kanga, wallahi. Ni kiburi changu tu.

Miezi ikapita, ripoti ikasomwa barazani kwa chifu. Viumbe wa hori ni wazima na ni wengi, na bibi mmoja mkaazi, nikatajwa kwa jina, ameshuhudia kwa dole lake. Bomba libaki. Mama Zuhura akasimama na vidonda vyake, akawaambia wale watu wa kiwanda kuwa ni waongo mpaka kwenye kucha, dole la shoga yake wameligushi. Wanawake wakampigia vigelegele. Mimi nikainama nikatazama pindo la kanga yangu.

Kesho yake nilikwenda kiwandani peke yangu nikaeleza. Karani akanisikiliza kwa adabu. Akasema, "Bibi, ripoti imeshafungwa, imeshakwenda. Tutahesabu tena baada ya miaka mitatu, palepale tulipohesabu." Nikamwambia palepale ni makaburini. Akasema ndipo palipoandikwa.

Sasa wanawake wamepewa siku ya kuipinga ripoti kwa D.O., mkubwa wa chifu, baada ya Maulidi, nami ndiye niliyewekwa mbele. Juzi Mama Zuhura alikuja kwangu, akanyoosha miguu nikawa nampaka mafuta ya nazi. Akaniambia, "Shoga, wewe huna haja ya maneno mengi. Shika msahafu, uape dole si lako. Hakuna wa kukubishia wewe."

Nikamjibu inshallah. Mungu anisamehe, nilimjibu inshallah.

Nikiapa, nimemkabili Mola na uongo juu ya kitabu chake. Nikisema kweli, kiwanda kitauliza nani atamwamini bibi aliyekiri uongo kwa kinywa chake, na shoga yangu wa tangu usichana atajua aliyevitilia dole vidonda vyake ni mimi. Mkaza mwanangu ameweka kalamu chini mara mbili hapa. Nimemwambia aandike.

Na lolote nitakalosema, chaza hawarudi. Leo maji yalipokupwa nimeshuka bombani, nimechimba mpaka kiwiko, sikupata hata tondo mmoja.

Msiniambie nisali, nasali. Nishaurini, wanangu: siku hiyo mkono huu niuweke wapi?