Swali Ambalo Binti Hakulitafsiri

Miaka ile nilikuwa wakala wa mizigo Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, Uchina. Wafanyabiashara wa Dar na Zanzibar waliniachia jinzi walizonunua kwenye viwanda vya Xintang, wakapanda ndege kurudi nyumbani, nami nikabaki kuzipakia kwenye kontena. Kazi yangu yote ilisimama juu ya kuaminiwa.

Mwenzetu mmoja, muuza simu, aliwahi kuanza kuongea peke yake kwenye ngazi za jengo letu. Walisema nati za kichwa zimelegea. Wengine walisema amerogwa na shemeji zake. Tulimsomea dua, tukachanga tiketi, akarudishwa kwao. Hospitali hakuna aliyeitaja, hata mimi. Kuanzia siku ile hakuna mfanyabiashara aliyemkabidhi mali yake tena, hata huko kwao.

Kwa hiyo yaliponifika mimi nilinyamaza miezi mitano. Usingizi ulikatika. Nilisimama mbele ya kontena wazi nisikumbuke ni katoni ipi iliyotangulia. Asubuhi nilivaa kiatu kimoja, nikakaa kitandani mpaka adhuhuri.

Kichina nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya watoto wa darasa la kwanza. Kilinitosha sokoni, lakini si kwa jambo hili. Nilihitaji mkalimani, na mkalimani lazima awe mtu wa kwetu. Nilimwomba binti mmoja wa Tanga aliyekuwa akisomea udaktari pale mjini. Nilimwambia ni tumbo. Tulipofika mlango wa hospitali ndipo nikamweleza ukweli. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, baba, twende."

Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa mwanamke wa makamo. Aliuliza kuhusu usingizi, chakula na kazi, na binti alitafsiri vizuri. Kisha aliuliza swali moja taratibu, na ndani yake nikasikia neno la kufa. Binti aliinamisha kichwa.

"Anauliza kama kazi inakuchosha sana."

"Hakuuliza hivyo, binti yangu."

Akasema, "Nisamehe, baba. Hilo mimi siwezi kukuuliza."

Nilimwelewa. Baba yake na mimi tulikuwa rika moja. Kumuuliza mtu kama mimi iwapo anataka kujiua ilikuwa sawa na kunivua nguo mbele ya mgeni. Aliamini ananistahi. Daktari alikuwa anangoja, kalamu juu ya karatasi. Ningeweza kusema kazi inanichosha, nikapewa vidonge vya usingizi na kwenda zangu, na hakuna ambaye angejua.

Nilimjibu daktari mwenyewe, kwa Kichina cha darasa la kwanza: "Ndiyo. Kila siku."

Daktari aliweka kalamu chini. Binti alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akageukia dirishani.

Nilipewa dawa na kuambiwa nirudi kila Jumanne kuzungumza. Tuliposhuka ngazi binti aliniuliza kama mke wangu anajua. Nilisema hajui. Aliniomba tukikutana Xiaobei tusalimiane tu kama kawaida.

Alinisindikiza Jumanne tatu, kisha akasema mitihani imembana. Sikumlaumu. Mwezi huo wateja wawili walihamishia mizigo yao kwa wakala mwingine bila kunipa sababu, nami sikuwauliza. Jumanne ya nne nilikwenda peke yangu. Yule daktari aliongea polepole ili nimfuate. Nilimjibu kwa maneno machache niliyokuwa nayo, na yaliyobaki, ambayo ndiyo mengi, nikarudi nayo.