Neno Ndani ya Mkebe

Mwalimu wa Kiingereza wa darasa letu la jioni hatafsiri neno, hulileta kwenye mfuko. Siku ya neno la uchachu tulilamba limau, watu wazima na akili zetu. Ukikosea hagombi, hugonga meza kwa kifundo cha kidole mpaka ujirekebishe mwenyewe. Jioni ya neno "blaze" alikuja na mkebe wa matambara yaliyolowa mafuta ya taa, akauweka nje ya mlango, akawasha. Moto ukaruka, tukarudi nyuma. "Ndiyo huo," akasema, akipangusa chaki kwenye suruali kama kawaida yake. "Haya, nipeni sentensi."

Akasimama mama mshonaji, ambaye tangu tuanze hajawahi kufungua kinywa. Kwa Kiingereza, polepole, akasema kibanda chake kiliwaka hivyohivyo, na kesho yake alishona amekaa kwenye jivu. Kidole cha mwalimu kikabaki hewani. Kisha akaiandika sentensi ile juu kabisa ubaoni, akaizungushia mstari isifutwe. Mwalimu wa asubuhi, anayetumia ubao huohuo na sasa hubananisha hesabu zake chini ya sentensi hiyo, alimuuliza mwalimu wetu ni maneno ya nani hayo.

"Ya mwanafunzi wangu," akajibu, akaenda zake kifua mbele.