Uji wa Kumpa Mtoto Jina

Mdogo wangu Ekisa aliendesha lori la Mombasa hadi Kampala kwa miaka tisa. Ukimwuliza kazi hiyo ilimpa nini, atakujibu kwamba ilimpa kiuno kibovu na mke mzuri, Nerima wa Mundika. Mengine hayasemi, kwa hiyo nitayasema mimi, dada yake Akwii, ambaye sijawahi kusifiwa kwa kunyamaza.

Yalianzia kwenye foleni ya malori hapa Malaba, ambako wachuuzi walimuuzia vidonge vya kufukuza usingizi. Safari ikiisha, usingizi nao uligoma kurudi, akawa anautafuta kwa waragi, ile pombe kali ya Uganda. Akakonda, mikono ikawa inatetemeka, akauza cherehani ya mkewe. Mwishowe alisinzia kwenye usukani, lori likalala mtaroni. Kazi ikaenda, na Nerima akarudi kwao na mimba changa. Mimi nilimfungia Ekisa mlango, sikatai, maana nilikuwa nimechoka naye.

Asiyechoka ni mama yetu, Asekenye. Namshukuru Mungu kila siku kwa kunipa mama mkaidi. Alimpeleka hospitali kule Alupe, akamuuguza wiki zote za kutapika na kuweweseka, kisha akawa anamsindikiza kwa mshauri kila Alhamisi kama mtoto wa chekechea. Kwa miezi saba Ekisa hakugusa kitu. Nerima akarudi, akajifungua msichana.

Kwetu sisi Wateso, mtoto hupewa jina kwa ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu. Bibi huchovya kidole katika pombe, akakiweka mdomoni mwa mtoto huku akitaja majina ya ukoo. Jina litakalotajwa mtoto akinyonya kidole, hilo ndilo lake. Na katika ukoo wetu, baba huvuta mrija wa kwanza.

Pombe hiyo niliipika mimi. Mshauri alikuwa amesema Ekisa asiguse hata tone, nami nikajiambia kwamba alimaanisha waragi, kwa sababu ajon huwa tunaihesabu kuwa chakula. Ulikuwa upumbavu wangu.

Mtungi ulipowekwa uani, Ekisa alisimama mbali, jasho likimtoka. Mama aliutazama mtungi, akanitazama mimi, akaingia jikoni na kurudi na kibuyu cha uji wa wimbi. Akachovya kidole. Jina la kwanza, mtoto akageuza uso. La pili, akalia. La tatu, akatema. Watu wakaanza kunong'ona. Baba mdogo, mzee Eriaku, akasema mtoto anakataa kwa sababu anadanganywa. Ekisa avute mara moja tu, mambo yaishe. Akamnyooshea mrija.

Ekisa aliupokea.

"Mzee, nakuheshimu," alisema, akaulaza mrija chini. "Lakini kama ni pombe tu itapatia huyu mtoto jina, wacha akae bila jina. Mimi nataka akuwe na baba."

Mama akachovya tena kidole kwenye uji, akataja jina la marehemu nyanya yetu, Apolot. Mtoto akakinyonya kile kidole kwa pupa, kama mtu aliyenyimwa chakula tangu azaliwe. Nerima akaangua kilio, nami nikamfuata.

Nilibeba mtungi nikaenda kuumwaga nyuma ya migomba. Mzee Eriaku alilalamika njia nzima, lakini alipoletewa uji alikunywa vikombe viwili na kuulizia sukari.

Wageni walipoondoka, Ekisa alinipa Apolot nimshike ili yeye akaoshe vyombo. Nikamwambia asante. Akaniuliza asante ya nini, wakati yeye ndiye amenipa kazi ya kushika mtoto.

"Ya kukataa pombe yangu," nikamwambia.