Hodi kwenye Hekalu la Wakhmeri

Asubuhi ile nilimwambia mama nnakwenda sokoni Sib, huku ng'ambo tunakokaa, kununua samaki. Sikusema uongo, kikapu nilikuwa nacho. Lakini kabla ya soko kuna uwanja wa ndege, na ndege moja ilikuwa ikipaa juu ya kichwa changu, nami nikageuza gari kuingia uwanjani. Pasi yangu ya safari hukaa garini siku zote. Skuli niliiacha mapema. Tangu hapo ninachotaka kukijua nakifuata kilipo.

Dada nilimwandikia kwamba niko salama. Mama sikuthubutu. Safari iliyopita aliniambia, "Ukiondoka tena bila kuniaga, radhi yangu usiitafute." Na mama sasa ni mtu mzima sana.

Kesho yake mchana nilikuwa Kambodia, mbele ya hekalu la kale la Wakhmeri. Nusu ya ukuta ilikuwa chini. Nusu iliyobaki ilikumbatiwa na mizizi ya mti mkubwa, iliyoteremka juu ya mawe kama nta ya mshumaa. Niliuzunguka mara tatu, nisijue kama mti ndio unaouvunja ukuta ama ndio unaouzuia usianguke. Hata sasa sijui.

Mlangoni nikasita. Mama alitufundisha kwamba hata nyumba tupu hupigwa hodi, maana aliyehama hakuhama na vyote. "Hodi," nikasema, kwa sauti ndogo, nikiona haya. Kisha nikaingia, na mle ndani, kwenye ubaridi wa mawe, nikaona haya zaidi: majumba ya watu nayapigia hodi, kwetu natoka bila kuaga.

Jioni nikapata chumba katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo. Mwenye nyumba akanionyesha kitanda kwa kidole. Nikavua viatu, nikampigia mama.

"Samaki gani huyo anayevuliwa siku mbili?"

"Mama, niko mbali. Nnaomba radhi."

Nikampelekea picha ya mlango na mizizi yake, kwa kuwa sikuwa na neno jengine. Nilimsikia akimwambia dada amkuzie picha.

"Nyumba yetu tuliyoihama Unguja siku hizi ndiyo hivi," akasema mwishowe. "Hodi ulipiga?"

"Nilipiga, mama."

"Haya, lala. Radhi unayo. Lakini samaki nnamtaka."