Mizunguko Miwili ya Plasta

Watu walimwita Pumzi, kwa sababu ujanani aliweza kushikilia sauti moja ya tarumbeta mpaka askari kwenye gwaride wakaanza kutazamana. Mimi nilimwita baba, na kwa miaka kumi na tisa ya mwisho sikumwita chochote. Nilimpikia, nikamfulia, nikamjibu akiniuliza. Mengine yote nilikaa nayo moyoni, na mimi si mtu wa kusahau.

Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi. Kazi yenyewe ilikuwa gwaride, mapokezi ya wakubwa na mazishi ya wakubwa haohao. Baba aliifanya vizuri na aliidharau. Alichokipenda ni santuri tatu alizoachiwa na mkuu wa bendi aliyestaafu. Zilikuwa konserto za zamani za Ulaya, tungo ambamo tarumbeta moja inasimama mbele ya okestra nzima na kujibizana nayo. Mpigaji alikuwa mmoja kwenye zote tatu. Picha yake ilikuwa kwenye jalada, mwanamume mwenye upara aliyekumbatia tarumbeta kama mtu anayeogopa kuibiwa. Jina lake halikutamkika midomoni mwetu, kwa hiyo nyumbani aliitwa Yule Bwana.

Mashine yetu ya santuri ilikuwa kuukuu. Siku ileile santuri zilipofika, kabla hata ya wimbo wa kwanza kwisha, mkanda wa mpira ndani ya mashine ulianza kuteleza, sahani inayobeba santuri ikawa inazunguka na kusimama. Baba hakuwa mtu wa kumsubiri fundi. Alifungua kifuniko, akachukua plasta ya vidonda, akaizungusha mara mbili kwenye kile kijiti cha mota kinachovuta mkanda, akafunga. Haukuteleza tena. Alijisifu kwa ufundi huo mpaka mama akachoka kusikia.

Manota ya tungo zile hatukuwa nayo, hivyo alijifunza kwa sikio. Aliweka sindano, akasikiliza kipande, akakipiga, akairudisha sindano nyuma. Tungo zilikaa mahali pabaya kwenye tarumbeta yake, vidole vikagombana juu ya vile vitufe vitatu, na sauti za juu zilikuwa juu kuliko mtu anavyofika bila kuumia. Hakujiuliza kwa nini.

"Ndiyo maana yeye yuko kwenye santuri na mimi niko kwenye gwaride," alisema.

Mama alikuwa akimpigia pasi sare. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, baba watoto."

Baba akacheka. Alidhani anataniwa.

Alimfukuza Yule Bwana kwa miaka kumi na mitano. Akiwa na arobaini na minne, Jumapili mchana, kwenye kipande cha mwisho cha santuri ya tatu, msuli wa mdomo wake wa juu ulichanika. Nilikuwepo. Tarumbeta ilikata sauti, akaitoa mdomoni, akatazama damu, na santuri ikaendelea bila yeye. Mdomo ulipona kwa kula na kusema, si kwa kupiga. Bendi ikampa ufunguo wa stoo, awe anagawa sare na dawa ya kung'arisha shaba.

Matumaini yote yakahamia kwangu. Alikuwa akinifundisha tangu nina miaka tisa, akiniita mama kama baba wengi wanavyowaita binti zao. "Pumua, mama. Usiukaze mdomo, mama." Nilikuwa na mdomo mzuri. Sijisifu, nasema kilichokuwepo. Nilipotimiza kumi na minane, bendi ilitangaza nafasi moja ya tarumbeta, na baba, ingawa alikuwa mtu wa stoo, aliwekwa kwenye meza ya waamuzi kwa heshima. Wenzangu wanne walipiga wimbo wa gwaride. Mimi akaniletea mashine ya santuri. Aliibeba mwenyewe kutoka nyumbani, asije mtu akasema anampendelea mwanawe.

Nilikwenda na Yule Bwana bega kwa bega mpaka kipande cha mwisho. Hapo nikaachwa.

"Binti yako anafaa, Pumzi," mkuu wa bendi alisema. "Hawa wengine hata hawamkaribii."

"Hafai. Hafiki."

"Kwani nani anafika?"

Baba akaonyesha mashine kwa kidole. "Yule."

Nafasi ilipewa mtu mwingine. Niliisukuma tarumbeta chini ya kitanda, nikaenda kufanya kazi kwenye karakana ya sare, na kwa miaka kumi na tisa nimeshona vifungo kwenye makoti ya bendi ileile. Baba aliacha kuniita mama. Sijui kama ilikuwa aibu au hasira, na sikumwuliza.

Mwaka huu moyo wake ulichoka. Miguu ilivimba, na mtu aliyeitwa Pumzi akawa anahema kwa kugeuka tu kitandani. Mama alishatangulia, tulibaki wawili. Daktari alinivuta mlangoni akaniambia ni suala la wiki chache. Baba aliomba kitu kimoja tu, amsikie Yule Bwana tena. Mashine ilikuwa imekufa siku nyingi. Niliifunga kwenye shuka nikaipeleka kwa fundi redio aliye jirani na karakana, mzee ambaye miwani yake imeshikwa na waya.

Alibadilisha mkanda, akaiwasha, akachora alama ya chaki kwenye sahani na kuhesabu huku akitazama saa ya ukutani. Akazima. Kwa kibano akabandua kitu cheusi kilichokauka.

"Nani kaweka plasta hapa?"

"Baba. Mkanda ulikuwa unateleza."

"Sasa kakinenepesha kijiti, sahani inakimbia. Inatakiwa izunguke mara thelathini na tatu na kidogo kwa dakika. Hii inakwenda thelathini na tano na kidogo."

"Si mbili tu hizo?"

"Mbili tu kwa anayecheza dansi. Kwa anayepiga ala, sauti yote imepanda nusu hatua na mwendo umeongezeka. Aliyerekodi hakupiga hivi, dada yangu."

Hasira ikanipanda. Njia nzima, ile plasta ikiwa kiganjani, nilipanga maneno. Ningemwambia kwamba huko juu hakuna aliyewahi kufika, hata Yule Bwana mwenyewe. Kwamba aliuchana mdomo wake akimfukuza mtu asiyekuwepo, kisha akanitupa mimi kwa sababu hiyohiyo.

Nilipofika nilimwinua kwa mito miwili, nikaweka santuri ya tatu.

Tarumbeta iliingia, chini kidogo kuliko tulivyoizoea, bila haraka. Vidole vya baba vilibonyeza blanketi, vikawahi, vikasimama, vikasubiri.

"Amechoka?" akauliza.

Nikamfungulia kiganja, nikamwonyesha plasta. Aliichukua, akaipapasa kwa kidole. Baba alikuwa mjinga wa mambo mengi, lakini si wa muziki. Kipande cha mwisho kikafika, na kilikuwa kigumu, lakini ugumu wa kibinadamu. Nilikitambua, kwa sababu zamani, baba akiwa stoo, nilikuwa nikikipiga peke yangu kwa mwendo uleule.

"Hapa ulikuwa unafika," akasema.

"Nilikuwa nafika."

"Na mimi nilimpita." Alilisema kama mtu anayekiri kosa. Kisha akaniomba nitoe sindano. "Lete tarumbeta."

Niliivuta kutoka chini ya kitanda. Vitufe vilikuwa vimeganda, nikavitia mafuta ya cherehani. Mdomo wa mpigaji usipotumika unakwisha, na wangu ulikuwa umepumzika miaka kumi na tisa. Nilijaribu mwanzo wa kile kipande. Zilitoka sauti tatu zilizopinda, halafu upepo mtupu. Niliishusha nikiona haya mbele ya mtu ambaye hakuwahi kuliachia kosa langu hata moja lipite.

"Safi, mama," baba akasema.

Alifariki siku ya nane. Alinikemea, alinikataa mbele za watu, alininyima nafasi yangu, lakini katika mambo ya tarumbeta alikuwa hajawahi kunidanganya. Ile ilikuwa mara ya kwanza.